Breki ya Mkono wa Kushoto

Mtera, 14 Machi 2022

Kaka Abdulwahab,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini wewe na Mama mu wazima. Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tena, masikio umeyaacha gereji. Barua hii ataileta kondakta wa basi.

Mimi namshukuru Mungu. Kidonda kimefunga. Walinikata mguu wa kulia chini ya goti, kama ulivyosikia, na sasa wamenipa wa bandia. Sukari imetulia kidogo.

Kinachoniuma ni kazi. Pikipiki ya zahanati kapewa Gladness, muuguzi mpya. Ni binti mzuri, na anajua kuendesha. Lakini kaka, chanjo za vijiji vile nimezipeleka mimi tangu ujana, kwa pikipiki tatu za ukoo mmoja, zote za lami na porini. Wa kwanza namwita Babu, wa kupiga kiki, mwenye shokapu mbili nyuma. Akaja Baba, shokapu moja, anaruka makorongo kama swala. Sasa ni Mjukuu, wa kubonyeza kitufe tu. Asubuhi nikimsikia anaondoka, nageukia ukutani.

Nakuuliza kama fundi: asiye na mguu wa kulia anaweza kuendesha?

Mdogo wako,
Nurdini

Kondoa, 30 Machi 2022

Mdogo wangu Nurdini,

Wa alaykumu salaam. Marahaba. Mama anakusalimu na anauliza unakula nini. Nimemwambia unakula vizuri, usiniumbue.

Anaweza. Mguu wa kulia kazi yake ni breki ya nyuma tu. Gia ni za kushoto. Breki hiyo nitaihamishia mkononi, chini ya klachi. Ila si kwa Mjukuu. Yule ni mrefu, ukisimama utaanguka naye, na breki yake ni ya mafuta, sitaki kuichokoza. Baba uliniambia fremu imepasuka. Basi tunarudi kwa Babu. Kila kiwandani walipotoa mpya waliinyanyua ipite mawe, na kila ilivyonyanyuka ilizidi kuwa mbali na mtu kama wewe. Babu ni mfupi, na breki yake inavutwa kwa ufito wa chuma. Nitaweka waya.

Yupo bado? Kiki iko kulia, hutaiweza. Utamwegesha kwenye mteremko, utamtelemsha ukiwa gia ya pili, kisha utaachia klachi.

Kaka yako,
Abdulwahab

Mtera, 9 Julai 2022

Kaka,

Assalaam alaykum, shikamoo. Ulifika salama? Mama anaendeleaje na kifua?

Tangu umfunge Babu breki ukaondoka, nimepanda kila siku. Kuku walionyang'anywa kiota chao kwenye kiti cha Babu bado wananinunia. Mganga wa zahanati aliniangalia nikizunguka uwanja, nikashika breki yako mbele ya miguu yake, akasema, "Haya, vijiji vya karibu chukua wewe."

Juzi nimefika kule kwa wafugaji na boksi la chanjo mgongoni. Bibi mmoja akatoka na mjukuu wake, akanikazia macho.

"Nurdini, walisema umekufa."

"Nusu tu, bibi."

Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaugusa ule mguu wa bandia, akaniletea maziwa. Kaka, nilikunywa huku machozi yananitoka na sikujali nani ananiona.

Mungu akulipe.

Mdogo wako,
Nurdini

Kondoa, 20 Novemba 2022

Nurdini,

Assalaam alaykum. Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kondakta namuuliza kila akipita, ananionyesha mikono mitupu. Waya ule wa breki unatakiwa kubadilishwa sasa. Nikuletee au nikutumie? Mama anasema amekuota umesimama mlangoni huingii. Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Abdulwahab

Dodoma, 6 Februari 2023

Kaka,

Assalaam alaykum, shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Niko wodini Dodoma, na barua zako Gladness ameniletea zote pamoja.

Waya usiulete. Wamekata na wa kushoto, juu ya goti.

Dole gumba lilichubuliwa na kile chuma cha gia. Sukari ilikuwa imeutia mguu ganzi, sikusikia kitu. Gladness ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Nikamwambia ni mchubuko, nikaendelea kupanda, kwa sababu nilijua wangeninyang'anya. Usijilaumu. Ningerudishiwa siku zile ningepanda tena.

Wananiruhusu mwisho wa mwezi ujao. Sitakuja nyumbani. Nitatafuta chumba hapa mjini. Siwezi kuingizwa kwa Mama nimebebwa mikononi kama mtoto. Usimwambie.

Mdogo wako,
Nurdini

Kondoa, 2 Machi 2023

Mdogo wangu,

Wa alaykumu salaam. Nilisoma barua yako gereji, nikafunga gereji.

Unasema nisijilaumu. Nilipiga hesabu za breki ya mguu usiokuwepo, sikuwaza gia ya mguu uliobaki. Fundi gani huyo? Hilo nitakaa nalo, huwezi kunitolea.

Mama nimemwambia. Hakupiga kelele. Alikaa jikoni, moto ukazima, hakuuwasha. Baadaye akaniita akauliza, "Sasa kwa nini haji?" Nikamsomea ulivyoandika, neno kwa neno. Akasema, "Nilimbeba tumboni, hakuona aibu."

Nurdini, kigari cha magurudumu nimekipata. Nitakuja nacho siku ya kuruhusiwa, na sitakuuliza unataka wapi. Kuhusu kubebwa, nimekuelewa. Jana nimechukua nyundo na tindo nikavunja vizingiti vyote, cha mlango wa mbele, cha chumba chako na cha kutokea uani. Nimesawazisha kwa saruji. Utaingia mwenyewe, kwa mikono yako.

Mama alisimama ananitazama. Akasema, "Abdulwahab, masika ndiyo haya yanakuja. Maji si yataingia ndani?"

Nikamwambia, yaingie.

Kaka yako,
Abdulwahab