Hakuna Aliyekuambia

Mpendwa Baba Rebeka,

Nimerudi kutoka kazini na hasira ambayo sina wa kumpa. Nimezigonganisha sufuria, nimemkemea Rebeka, naye hakuwa na kosa lolote. Ungekuwepo ungevuta kigoda na kuniambia, "Haya mama, toa yote." Ningeyatoa yote mpaka ugali upoe. Basi nakuandikia wewe. Mwingine akitaka kuisoma barua hii, na aisome, maana sina cha kuficha.

Wewe ulikuwa mtu wa kusema. Tulipotoka Maragoli kwa treni, mimi bibi arusi wa majuzi ambaye hajawahi kuona mji, uliniambia kila kitu kabla hatujakifikia. "Mbele kuna daraja refu, usishtuke." "Huko juu Mau kuna baridi, jifunike." "Nakuru kuna vumbi jeupe la ziwani, funga kitambaa." Mzee mmoja kwenye behewa letu akacheka, akakuambia unamfundisha mkeo njia ya kutorokea. Ukamjibu, "Sitaki aogope, basi."

Na kile chumba chetu kimoja cha landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi, ulivyokijaza maneno! Ulikuwa na ufunguo wa stoo ya mahindi pale kiwanda cha unga, mimi nikishona magunia yaliyotoboka uani. Tulishinda mahali pamoja siku nzima, na bado jioni ulikuwa na habari za kunipa.

Kiwandani mambo yalikuwa kinyume. Bwana Masharubu, meneja, alimwambia karani Meshaki, Meshaki akamwambia nyapara Zakaria, na Zakaria akamwambia yeyote aliyemwona mbele yake. Sisi wengine tulikuwa watu wa kukisia. Unakumbuka asubuhi ile firimbi ilipobadilishwa saa, nusu yetu tukafungiwa nje ya geti kama wezi? Unakumbuka hali ya hatari ilipotangazwa, wenzetu Wakikuyu wakachukuliwa kwa malori? Wanawake niliokaa nao kwenye magunia hawakuonekana tena. Sindano zao zilibaki zimechomekwa pale pale. Tuliendelea kuwawekea nafasi, na hakuna aliyetoka ofisini kutuambia neno. Jioni ile uliikataa chai. Ulisema, "Hata kutuambia kwamba hawarudi? Ni vigumu hivyo?"

Sasa ile Jumapili. Sijawahi kuisimulia yote kwa mtu.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Uliketi mlangoni, viatu umevua, unammenyea Rebeka muwa. Akaja mtu wa zamu akasema mabehewa ya mahindi yamefika kutoka Rongai, watu wa stesheni wanataka yamwagwe leo leo. Ukavaa viatu. Ukaniambia, "Sikawii. Nafungua stoo tu, wapakuzi wapate pa kuweka."

Kumbe Jumamosi mchana, tulipokwisha kutoka, stoo ile ilitiwa dawa ya kuua fukusi, dawa isiyo na harufu. Walifunga madirisha, wakatundika kibao cha Kiingereza kwenye mlango wa upande wa reli. Wewe uliingia kwa mlango wa uani, kwa ufunguo wako mwenyewe, kama kila siku. Wapakuzi walikuita, wakakuita tena. Walipokutoa ulikuwa bado wa moto.

Baada ya mazishi niliitwa ofisini. Nilisimama mbele ya meza na kitambaa cheusi kichwani, nikauliza swali moja tu: nani alimwambia mume wangu?

Bwana Masharubu akasema, "Mimi nasema kwa karani Jumamosi."

Meshaki akasema, "Nami nilimwambia nyapara."

Zakaria akasema, "Nami niliwaambia waliokuwapo."

Wote walikuwa wanasema kweli. Hapo ndipo nilipotaka kupiga mayowe. Mwongo ningemshika shati. Hawa kila mmoja alilitua neno lake kwa mwenzake kama mtu anayetua mzigo, akaenda zake nyumbani kula. Zakaria tangu siku hiyo hakuniangalia tena usoni. Akinikuta njiani huinama kama anayetafuta kitu chini.

Ndugu zako walitaka nirudi Maragoli. Nilikataa. Nilirudi kwenye magunia, na asubuhi moja Zakaria akatuambia wanawake tuingie stoo ile ile tutoe magunia yaliyochanika. Nilimuuliza, "Ndani kuna nini?"

"Magunia."

"Nani kakuambia hakuna dawa?"

Akageuka kutazama ofisini. Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Nereya, yule rafiki yangu mwenye kicheko kikubwa, akakaa kando yangu. Wengine wakakaa. Meneja akatoka ofisini uso umemwiva, akaniambia hakuna dawa, niinuke. Nikamwambia, "Usiniambie mimi, bwana. Tuambie wote."

Akasimama mbele yetu na kile Kiswahili chake cha kisetla, cha Wazungu wa mashamba. "Leo stoo mzuri. Kesho mimi napatia dawa, mpaka Alhamisi hapana ingia."

"Tumesikia," watu wakaitikia.

Nikamwambia, "Mwache Nereya arudie ulichosema."

Nereya akainuka, akajipangusa kanga. "Bwana amesema leo stoo ni salama. Kesho tutapewa dawa sisi, na mpaka Alhamisi hakuna kuja kazini."

Baba Rebeka, watu walicheka hadi wakashikana mabega. Lakini mimi nilikuwa namtazama meneja. Masharubu yake yalitulia kabisa. Alimuuliza karani, karani akamfafanulia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu yule alijua kwamba miaka yote alikuwa akisema na sisi tukisikia kitu kingine. Akarudia polepole, akiunyoshea kidole mlango. Nereya akarudia tena, mara hii sawa.

Kuanzia hapo kila asubuhi tulisimama getini. Meneja au karani alisema kazi ya siku na hatari yake, na mfanyakazi mmoja alirudia kwa sauti. Wapagazi waliuliza maswali, hata wale wasiofungua vinywa vyao kanisani. Muda mfupi tu, mtu hamalizi hata kikombe cha chai. Nilikuwa nikisimama pale nasikiliza, na badala ya kufurahi nakufikiria wewe. Kumbe iliwezekana. Kumbe ilikuwa kitu kidogo namna hii.

Bwana Masharubu ameondoka, amerudi kwao. Meneja mpya ni kijana, nadhifu, anatusalimia vizuri. Leo amesimamisha mkutano wa asubuhi. Ametundika ubao wenye kioo na kufuli kando ya ofisi, na matangazo yaliyopigwa kwa mashine. Anasema huu ndio utaratibu wa kisasa, kila mtu atapata habari ile ile. Nikamuuliza, "Na asiyejua kusoma?"

"Amuulize anayejua."

"Na anayejua akikosea?"

Akatabasamu. Akaniambia, "Mama, yote yameandikwa." Akaingia ofisini, akafunga mlango taratibu, kwa adabu kabisa. Ningeona afadhali angenitukana.

*

Nimeiacha kalamu nikatoka. Sasa nimerudi, jua limeshazama.

Nimepita landi yote, mlango kwa mlango. Nimemwambia kila mmoja, macho kwa macho, kwamba kesho firimbi ikilia hatuingii. Tutakaa getini mpaka meneja atoke atuambie kwa mdomo wake. Nami sikuondoka mlangoni pa mtu kabla hajanirudishia niliyosema. Mmoja alidhani tunagomea mshahara, nikaanza naye upya. Nereya alirudia huku anacheka.

Nyumba ya Zakaria niliiacha mwisho. Nilisimama nje nikisikia anakohoa ndani. Nilitaka kupita. Nikabisha.

Alifungua, akaona ni mimi, akashika fremu ya mlango. Nilimwambia kama nilivyowaambia wengine.

"Kesho," alisema, "firimbi ikilia, hakuna kuingia. Tunakaa getini mpaka tuambiwe." Halafu akaniangalia usoni. "Mama Rebeka, hao wa meneja watamtafuta wa kwanza kumfukuza. Mimi nitakaa mbele."

Bado nina hasira, Baba Rebeka. Nadhani nitazeeka nayo. Lakini kesho lazima niamke mapema, na sasa nazima taa. Pumzika. Kilichobaki kusemwa, niachie mimi.

Mkeo,
Mama Rebeka