Kilemba cha Sherdil Khan

Jumapili, 2 Novemba 2025

Kaja tena! Yule Mpashtuni — Babu humwita Mpathani — Zarwali, mwenye yadi ya magari ya mitumba huko Changamwe. Kiswahili chake cha yadini, lakini kinamfikisha. Kaleta lozi na zabibu kavu. Babu kamkalisha kwenye godoro la mbele, mto mgongoni, mto ubavuni. Mimi nimeacha cherehani na dera la watu, niko jikoni napasha mafuta ya mahamri.

Yote haya kwa sababu Babu ni Khan. Mtongwe nzima inamwita hivyo. Sherdil Khan alikuwa mkuu wa kabila huko milimani kwa Wapashtuni, ng'ambo ya bahari. Mwanawe, Jandol, akaja Mombasa na jeshi la Waingereza, akaoa Mdigo, akamzaa Babu, hakurudi tena. Nimelelewa na hadithi za huyo Sherdil. Mlango wake haukuwa na komeo. Adui aliyemuua mwanawe aliingia kuomba hifadhi, naye akampa maji, akamtandikia. Babu akifika hapo machozi humlenga. Nikiwa mdogo nilidhani Sherdil anakaa nyuma ya msikiti.

Leo nimejua mgeni anataka nini. Mkuu wa sasa amekufa, hana mtoto wa kiume. Wanatafuta damu ya Sherdil. Babu kazeeka, baba yetu Salim ni marehemu, basi wanamtaka Rashad. Mdogo wangu!

Jumanne, 4 Novemba

Nimemimina kahawa nikauliza: huyo mkuu, Mungu amrehemu, alikufa na nini?

Zarwali akamtazama Babu kwanza. Risasi. Na kabla yake mwanawe — risasi vilevile. Ni ugomvi na binamu zao, wa maji na mashamba, wa tangu na tangu. Anayevaa kilemba cha mkuu ndiye anayeubeba. Kasema hivyo kama anayetaja bei ya taa ya gari.

Wallahi kikombe kilinitoka. Babu alikuwa akitazama zulia. Rashad akacheka, akaokota vigae.

Jumamosi, 8 Novemba

Rashad atavishwa kilemba Ijumaa ijayo. Hapa hapa nyumbani, baada ya swala. Wazee wa msikiti wataalikwa, na kila mmoja atazungusha mkunjo mmoja wa kilemba kichwani mwa Rashad. Ndiyo desturi yao. Huku mkubwa wa ukoo akitaja mababa, mwana wa fulani mwana wa fulani, mpaka Sherdil. Kikishafungwa hakifunguliwi. Jumatatu yake wanapanda ndege.

Nikauliza, na akina mama hutajwa wapi? Zarwali kasema mwanamke hahesabiwi. Ukoo ukipita kwa mwanamke umekatika. Nikasonya. Babu akanikata jicho.

Nikaenda kuyamwaga kwa Bibi Mwanarehema, dadake Babu, mkubwa wake. Alikuwa anakuna nazi. Akacheka mpaka mbuzi ikayumba chini yake. Kisha akaacha ghafla.

"Jandol si baba yetu, Nadira. Ni babu yetu. Yeye kamzaa mama."

Baba yao alikuwa Faki. Mkwezi wa minazi, Mdigo wa hapa hapa. Alianguka mnazini akafa, Babu yungali akitambaa. Jandol akawachukua wajukuu, akawapa jina lake. Wala hakuna aliyeficha kitu! Bibi anasema Wadigo wa zamani walimhesabu mtu kwa mamake, nani angeuliza? Waliojua wamekwenda zao. Waliobaki wamezoea Khan.

Kwa hivyo neno moja tu. Neno moja na Rashad haendi popote.

Bibi kanishika kwa mkono wenye machicha. Kanisihi nisimvue nguo nduguye mbele za watu. Si kwa uzee huu, na moyo wenyewe ule wa vidonge.

Ya Rabbi, nifanyeje mimi?

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia Rashad yote. Nilidhani atashusha pumzi.

"Nani kakuuliza?" Ndilo jibu lake!

Kila alfajiri anasimama kwenye geti la bandari kusubiri kibarua. Akinyooshewa kidole, anabeba magunia. Asiponyooshewa, anarudi kulala. Kasema hapa anaitwa "wewe". "Wewe, njoo. Wewe, toka." Kule ataitwa Khan.

Nikamwambia wamekuvisha kilemba cha ukoka kabla ya hicho cha kitambaa, mpumbavu wewe! Hakucheka. Nikamwambia watakuua. Kasema na hapa anakufa, ila polepole na bila jina.

Nimelia mbele yake. Kaondoka. Mlango hakuufunga.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemwendea Babu baada ya Alasiri. Shikamoo, marahaba. Nikakaa chini miguuni pake.

"Babu, Faki alikuwa nani?"

Tasbihi ikasimama. Kisha ikaendelea. Akaniambia nimnyooshee kanzu ya kesho, ile nyeupe.

Basi! Nimeinyoosha. Nimeiunguza kidogo ukosini, sijamwambia. Namchukia leo. Nampenda, lakini leo namchukia.

Ijumaa, 14 Novemba

Niko jikoni, pazia limenitenga nao. Daftari liko juu ya kifuniko cha sufuria ya biriani. Naandika nisije nikapiga kelele. Bibi yuko kando yangu, kajifunika leso mpaka kichwani.

Wazee watano. Zarwali kavaa suruali pana, kilemba kakishika kwa mikono miwili, kirefu, cheusi chenye mistari. Rashad kapiga magoti katikati. Kanyoa. Mzuri, mdogo wangu.

Imamu kazungusha mkunjo wa kwanza. Zarwali kamwambia Babu ataje.

Babu kaanza. Sauti ya juu, ya adhana. Rashad, mwana wa Salim. Salim, mwana wangu mimi. Na mimi —

Bibi kanikamata mkono, kucha ndani ya nyama.

"Na mimi ni mwana wa Faki. Mkwezi."

Kasema! Babu kasema mwenyewe! Zarwali kauliza, na Jandol? Babu kamjibu: "Jandol kamzaa mama yangu. Nimepita kwa mwanamke. Mfungue mjukuu wangu, twende tukale."

Nimeona uso wake kwa upenyo wa pazia. Kama mtu aliyetua mzigo akakosa pa kuweka mikono. Nilitaka kutoka nikambusu miguu.

Lakini Zarwali hafungui. Na Rashad kaukamata ule mkunjo mmoja kwa mikono yote miwili, kaubana kichwani. Anasema, endeleeni.

Zarwali anawatazama wazee, mmoja mmoja. Anasema kule nyumbani wameshachinja, watu wanangoja, kabila haliwezi kukaa bila kichwa. Mzee huyu amechoka, anachanganya majina. Kisha anauliza, polepole, kwa Kiswahili chake kile:

"Hapa nani amesikia?"

Imamu anatazama mkeka. Wa pili anakohoa. Wa tatu — ya Allah — wa tatu ananyoosha mkono kupokea kitambaa. Babu anasema "Faki" tena, lakini sauti haitoki.

"Nani amesikia?"

Bibi kaniachia mkono. Anasukuma pazia, ananifungulia njia.

Natoka niwaambie: mimi nimesikia.