Mama mkwe ameosha mawe

Wewe, acha unachofanya unisome. Mama mkwe ameosha mawe.

YALE mawe. Ya tangi la samaki la shemeji yako.

Unakumbuka alivyotuchosha? Kwamba ni mawe hai, yametoka baharini na vijidudu vyake, na vijidudu ndivyo vinavyosafisha maji samaki wasife? Wiki sita tangi halina samaki hata mmoja. Kila asubuhi anapima maji kabla hajanisalimia mimi mkewe. Hata kamba wa kupika alimtumbukiza humo aoze, vijidudu vipate chakula.

Sasa natoka kuoga, namkuta mama yake jikoni, amefunga aproni, amekunja mikono ya gauni, anasugua jiwe la mwisho kwa brashi ya viatu. Maji ya moto. Sabuni ya unga. SABUNI.

"Mwanangu, mnakaaje na uvundo huu? Na yule kamba wenu amekufa, nimemtupa. Poleni."

Poleni!! Nikakaa juu ya ndoo.

Nikamweleza yote. Akayatazama mawe yanavyong'aa kama meno ya bandia. Akauliza polepole, "Na yeye yuko wapi?"

Ameenda kununua samaki, mama. Maji yamekuwa tayari leo asubuhi. LEO.

Geti hilo linalia. Namwona dirishani, amekumbatia mfuko wa samaki wawili kama anatoka nao wodi ya wazazi.

Mama kavua aproni, kanivalisha mimi, kanishikisha brashi. "Wewe ni mke, atakusamehe. Mimi hapa ni mgeni."