Maji Yaliyotoka Yakiwa Moto

Kieni, Nyeri
Jumatano

Mama mpendwa,

Natumaini Moffat, anayekuletea barua hii, atakukuta jikoni na si shambani, maana najua majani chai yakikomaa husikii la mtu. Magoti yanasemaje na baridi hii ya Julai? Na kifua cha Baba, kimetulia? Sisi tunalala na kuamka, tunamshukuru Mungu, ila uchovu ndio umetuzoea. Mkweo Theuri anakusalimu. Shosho, mamake, anasema umemsusa siku hizi.

Vifaranga anaokuletea Moffat wamekuzwa kwa maji yetu ya moto. Theuri alipitisha mabomba chini ya sakafu yao, na tangu hapo hatujanunua makaa ya kuwapasha joto. Unakumbuka kisima kilipochimbwa, Watiri akiwa bado mgongoni? Maji yalitoka yakifuka mvuke, pasta akaanzisha wimbo, watu wakakimbilia mitungi. Tukaoga maji ya moto bila kuni. Hata wewe ulikuja ukaloweka magoti, ukarudi Othaya ukitembea kama bibi harusi. Hayo yote yalikuwa mema na siyakani.

Lakini tuliyanywa pia, Mama. Wahudumu wa afya walitufundisha kwamba maji ni ya kuchemshwa, na Shosho ni mtu wa kutii. Sufuria yake hukaa jikoni kutwa nzima. Maji yakipungua anaongeza, yakipungua tena anaongeza. Tulijiona wasafi kuliko majirani wote.

Meno ya Watiri unayajua. Tulisema ni uvivu wa kupiga mswaki. Tulimgombeza, tukamnunulia mswaki mgumu, akasugua mpaka akatoka damu, na ile rangi ya kahawia ikabaki pale pale. Mwaka huu alipotoka kwenye kwaya ya shule ili asifungue mdomo mbele ya watu, nilimpeleka kwa daktari wa meno Nyeri mjini. Yule mama hakuuliza habari za mswaki hata kidogo. Aliuliza tunakunywa maji gani, akataka nilete kidogo yakapimwe.

Majibu yalipotoka alinieleza polepole, nami nakueleza vivyo hivyo. Maji ya mto wenu yanapita juu juu na kwenda zake. Haya yetu yamekaa chini kabisa miaka mingi, kwenye miamba yenye joto, na yakiwa na joto namna hiyo huyeyusha madini ya mwamba na kupanda nayo. Yetu yana floraidi nyingi mno. Kidogo yake hutiwa kwenye dawa ya meno, lakini ikizidi huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, na mtu akiinywa miaka na miaka hukaza hata mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Mvuke unaenda, floraidi inabaki, kama chumvi ya mchuzi uliosahaulika motoni. Nilifikiria ile sufuria yetu, Mama, nikakaa kwenye benchi la nje.

Kuoga hakuna neno, wala kuku hawana neno. Ni kunywa na kupikia tu. Theuri ameweka tangi la maji ya mvua, na mvua ikikosa tunanunua ya mto. Lakini Shosho haamini. Anasema hii maji iko na nguvu, na kama hiyo kitu iko kwa dawa ya meno, ati itaharibu meno namna gani? Siku hizi hawezi kuinama kufunga viatu, anasema ni uzee. Nikienda kwa kuku tu, anampa Murugi wetu mdogo chai ya sufuria yake, yenye maziwa na sukari nyingi, kwa sababu anaona maji ya mabati yatamkondesha mtoto. Nimebembeleza, nimegomba, nimemwita hata pasta. Nimechoka, Mama. Nimechoka kulinda kikombe cha mtoto dhidi ya mtu anayempenda.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu, maana kwa simu ningelia na Shosho angesikia. Jumamosi nakuletea Murugi, akae nawe mpaka meno ya ukubwani yaote. Daktari anasema yake bado yanaweza kuokolewa. Nimemwambia Shosho kwamba unaugua na umemwita wajina wako. Kwa desturi yetu hawezi kumkatalia mtu mtoto aliyepewa jina lake, na kweli amekubali. Nimekusingizia ugonjwa, Mama, unisamehe. Akikupigia simu, ugua kidogo.

Wazo hilo halikuwa langu. Ni Watiri aliyelitoa tukiosha vyombo, mkono juu ya mdomo kama alivyozoea sasa. Alisema nimpeleke Murugi kwako, ili hapa kwetu awepo mmoja wa kucheka kwenye picha. Yeye atabaki na Shosho, kwa sababu ndiye mwenye jina lake, na kwa sababu meno yake yeye yameshaharibika. Niliendelea kusuuza vikombe.

Msalimie Baba, na uwafunike vifaranga usiku, hawajazoea baridi. Maji ya mto uyachemshe kama kawaida. Na Murugi akicheka, mpige picha unitumie. Watiri ameiomba.

Ni mimi binti yako,
Nyawira