Kukaa na Mgonjwa ni Kazi: Kumkumbuka Nélida Bidegain

Ni mwaka mzima sasa, Mama, tangu ulipotutoka, na nyumba yetu hapa Paysandú bado haijazoea.

Mvua ikinyesha, Baba anakanda unga wa maandazi kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Yanatoka magumu. Tunayala hivyohivyo, maana sote tunajua nani hayupo.

Maisha yako yote ya kazi ulikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili. Hukupenda kumhoji mtu ukiwa umesimama mlangoni. Ulivuta kiti, ukatia maji ya moto kwenye kibuyu cha majani machungu, kinywaji chetu cha kila siku, ukapiga funda kwa mrija, kisha ukampa mgonjwa anywe kwa mrija uleule. Mjomba Olinto, ndugu yako, alikuwa amelazwa kwenye wodi yako. Wauguzi wengine walimfunga kitandani. Wewe ulikaa naye, naye akaanza kusema.

Walipokuita Montevideo, mji mkuu, kwenye kamati ya kuandika upya viwango vya uuguzi wa afya ya akili, ulitaka jambo moja tu: kukaa na mgonjwa kuhesabiwe kuwa kazi. Ulirudi umefura.

“Wananiambia eti nakaa kupiga soga!”

“Kwani hupigi?” Baba akakuchokoza.

“Napiga, Waldemar! Nikipiga soga mimi, hafungwi mtu kamba. Waandike hivyo!”

Ukamnunia mpaka chakula cha usiku. Tunatamani hata kununa kwako.

Uliugua kabla hawajapiga kura. Kila tulipokuja kukuona uliuliza, “Wamekubali?” Tulijibu bado. Iliuma kukujibu hivyo, na ikauma zaidi ulipoacha kuuliza.

Mama, wamekubali. Viwango vipya vimetoka mwezi uliopita. Muuguzi atatengewa muda wa kukaa na mgonjwa, na kumfunga mtu ni pale tu njia nyingine zote zinaposhindikana. Kwenye kibuyu wamekushinda: kila mtu na mrija wake. Ungegomba wiki nzima.

Jumapili tulimkuta Mjomba na muuguzi mpya, ameketi kando yake, hana haraka.

“Huyu anakaa vizuri,” Mjomba akatuambia. Kisha akatutazama mmoja mmoja. “Na nyinyi je, anakaa nanyi nani?”

Tukavuta viti, tukaketi naye.

Unakumbukwa na mumeo Waldemar, wanao Ivonne na Rubén, mkweo Mabel, wajukuu zako, na ndugu yako Olinto. Hatutaacha kukukumbuka, Mama.