Ndoa Iliyokwama kwenye "Nime"

Jumapili, Majengo. Baridi ya Julai, mawingu yamekaa chini na mlima hatujauona tangu juzi.

Sijui niandike nimeolewa au sijaolewa.

Twaha, mchumba wangu, yuko Ujerumani mwaka wa tatu sasa. Uchumba wetu wote tumeulea kwenye simu. Akila namwona, akipanda basi namwona, na mimi nikiwa kwenye cherehani yangu barazani ananiona ninavyogombana na wateja. Kwa hiyo hata ndoa tulipanga ifungwe kwa simu, kisha Desemba aje kunichukua. Shehe alipendelea kaka yake Twaha awe wakala, aitikie kwa niaba yake. Baba akakataa. Anataka kumsikia mkwewe kwa kinywa chake mwenyewe.

Basi leo baada ya adhuhuri sebule ikajaa kanzu na kofia. Simu yangu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai, jirani akatuachia wifi yake, watoto wakakatazwa kuangalia katuni. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi na mama wadogo walioshuka kutoka Kibosho, mlango umeachwa wazi kidogo ili tusikie.

Baba akatamka maneno ya kuniozesha, kisha akasogeza sikio kwenye simu mpaka kofia ikamwanguka. Tukamsikia Twaha.

"Nime..."

Simu ikakatika.

Shangazi alikuwa ameshapiga kigelegele. Uani wakadhani mambo tayari, wakaanza kupakua pilau. Sebuleni shehe anasema hakusikia, shahidi mmoja anaapa kasikia, mwenzake anasema yeye kasikia "nime" tu, na "nime" inaweza kuwa nimekubali, nimekataa, hata nimechoka. Wakapiga, haipokelewi. Wakaulaumu mtandao, wakamlaumu na jirani wa watu. Wanawake walipotoka kwenda kuwazuia wapakuaji, baba akaniletea simu nijaribu mimi.

Nilipofunga mlango tu, ikaita.

Twaha alikuwa na suti yake, macho mekundu. "Rehema, mtandao haukukatika. Nimekata mimi."

Kibali chake cha kuishi kule kimekataliwa. Amekata rufaa, na mpaka ijibiwe, akitoka harudi tena. Desemba haipo. Mimi kumfuata ndiyo haiwezekani kabisa. Mwaka mmoja? Mitatu? Hajui. Habari hizo anazo tangu Alhamisi. Alipomwona baba amesogeza sikio vile, akashindwa kulimalizia neno.

"Amua wewe," akasema. "Ukitaka, napiga sasa hivi namalizia. Mzee tutamwambia baadaye, taratibu."

Nampenda. Na nilitaka kumwambia piga. Nani angejua? Lawama zote alishabebeshwa jirani. Ningetoka humu ndani mke wa mtu, nikangoja kama wanavyongoja wengine.

Lakini hasira ilinipanda. Siyo ya kibali, hicho si kosa lake. Ni hiyo Alhamisi. Tangu Alhamisi kaniona kwenye video nikipakwa hina, kanisifia rangi, kanyamaza. Chumba chake nakijua mpaka maua ya pazia, lakini usoni mwake sikuona kitu. Hilo limenitisha kuliko miaka ya kungoja.

Baba akagonga, akaingia. "Mwanangu, kapatikana?"

Asubuhi aliponiuliza kama aniozeshe, niliinamisha kichwa nikanyamaza, na kwetu bikra akinyamaza ndiyo amekubali. Nikajua nikinyamaza tena hapa, imekwisha.

"Baba, mimi bado sijakubali," nikasema. Nikampa simu, Twaha yumo humo anatutazama. "Ana jambo la kukwambia. Akimaliza, uniulize upya."

"Shikamoo baba," Twaha akasema, kwa sauti ndogo. Baba hakuitikia. Akatoka na simu hadi uani, akawapita wageni na masahani yao, akaenda kuketi peke yake nyuma ya banda la kuku.

Nilianza kuandika haya hapo, kwa simu ya mdogo wangu. Dirishani nilimsikia baba akiongea na hakupandisha sauti hata mara moja, na baba yangu ni mtu wa kufoka. Ningefurahi kama angefoka.

Alasiri inaadhiniwa, na sasa hivi ametoka humu chumbani. Hakuniuliza kama nimekubali. Kaniuliza, "Utaweza kumngoja, au unamwonea huruma tu?"

Nimemwomba anipe mpaka kesho. Amekwenda kumwambia shehe afunge kalamu yake. Shangazi analia jikoni kwa nguvu ili nimsikie.

Simu yangu ameiacha kitandani, pembeni yangu hapa. Twaha bado yumo.

Hajakata.