Darubini ya Ng'ombe wa Baba

Jilore, 6 Julai 2024

Kaka Randu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sisi huku wazima. Mahindi yamekauka kabla ya kubeba, lakini wazima. Ningekupigia simu, ila namba yangu umeifunga tangu tulipomzika Baba bila wewe. Basi naandika, na barua nawapa makondakta wa mabasi waipokezane mpaka Itigi.

Unajua alichosema Baba kabla hajafa: ng'ombe wake auzwe, inunuliwe darubini moja, tuitumie sote wawili. Sijui alifikiri nini. Aliongoza wageni kutazama ndege maisha yake yote, kisha darubini akaigawa kati yangu, niliyeshika kazi yake, na wewe, uliyevuka mpaka kwenda kuwaonyesha watu wanyama wa kuua. Lakini alisema mbele ya watu, na Baba mdogo aliyeshika fedha hatoi mpaka tukubaliane.

Shoeb wa duka la kamera Malindi anazo mbili, za kuchungulia kwa jicho moja. Kubwa ina kioo kipana, na pa kuchungulia pamepinda, hivyo mgeni mrefu na mfupi wote huinama tu wakaona. Ndogo ni fupi kama chupa ya chai. Nimechagua kubwa. Ndege wa ng'ambo wanafika mlango wa mto Sabaki Septemba. Andika "nakubali" uishie hapo.

Dadako,
Kadzo

*

Kambi ya uwindaji, karibu na Itigi, Tanzania
2 Agosti 2024

Kadzo,

Marahaba. Mimi mzima, sijui kama ulitaka kusikia hivyo.

Mazishi usinitajie. Baba aliugua mwezi mzima na hukunipasha. Nilipata habari kwa mtu wa Vitengeni aliyenipa pole, nikamuuliza, "Pole ya nini?" Namba yako nimeifunga na itabaki imefungwa.

Kubwa siitaki. Hapa natembea kutwa nimebeba maji na bunduki ya mgeni. Nikiongeza dude lile na miguu yake mitatu nitakuwa punda. Tena jua likipanda, ukikuza sana huoni mnyama, unaona mvuke unaocheza. Nataka ndogo, ya kuchungulia moja kwa moja, niilaze juu ya begi nami nimelala kifudifudi.

Unanisimanga kwa wanyama wa kuua. Huku ni halali, na kazi yangu ni kumtazama nyati kabla hajapigwa. Ni dume? Ni mzee? Pembe zimekomaa? Wewe ukikosea, mgeni anaandika jina la ndege mwingine. Mimi nikikosea, roho imetoka.

Ndogo. Sina zaidi.

Kakako,
Randu

*

Jilore, 9 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Habari za afya? Mimi mafua yamenishika kwa upepo wa Sabaki, na sababu ni wewe.

Usije ukasema sikujaribu. Shoeb alifunga duka mapema, akazibeba zote mbili, tukasimama mchangani mpaka jua likazama. Kubwa ilinionyesha rangi ya miguu ya ndege waliokuwa ng'ambo ya mto wakati ndogo imeshaingia giza. Ni kweli upepo uliitikisa. Shoeb akasema, "Chukueni ndogo, Kadzo. Hiyo kubwa mtakuja kuiacha nyumbani." Nikamwambia, "Duka ni lako, ng'ombe alikuwa wetu."

Baba mdogo amechoka kutusubiri, ametoa fedha. Nimenunua kubwa. Utaipata Aprili, ndege wangu wakishaondoka. Najua Aprili hakuna anayewinda huko. Mimi ndiye niliyemwosha Baba miguu, na sioni kwa nini nikuulize tena.

Dadako,
Kadzo

*

Kambini, 20 Oktoba 2024

Kadzo,

Hali yako sikuulizi.

Masanja amekufa. Ni mfuata nyayo wetu, tuliyelala naye hema moja tangu nilipoajiriwa. Tulimwona nyati amesimama peke yake kivulini, majani yamemfika tumboni. Nilikuwa na darubini ya kambi, ya macho mawili, na jicho moja limeingia ukungu tangu mwaka jana. Masanja akaninong'oneza, "Dume?" Nikasema, "Dume." Mgeni akapiga.

Alikuwa jike. Ndama wake alikuwa amelala majanini, hatukumwona. Jike akakimbilia kichakani na risasi mwilini, na mnyama aliyejeruhiwa haachwi, ikabidi tumfuate. Masanja alikuwa mbele. Yule jike alimtokea ubavuni. Gari lilipofika, Masanja alikuwa ameshakata roho.

Ningekuwa na ile ndogo ningelala chini nikatazama mpaka nikajua. Wewe unayo kubwa, unawaonyesha wageni miguu ya ndege. Baba alisema sote wawili. Maiti hii ni yako kama ilivyo yangu.

Randu

*

Jilore, 5 Novemba 2024

Kaka Randu,

Pole. Masanja sikumjua, lakini Jumapili nilimwombea kanisani kwa jina lake.

Baada ya pole, nisikilize. Maiti usinilazie mlangoni. Neno "dume" lilitoka kinywani mwako, darubini haisemi. Ungeweza kusema "sijui." Baba alikuwa akiwaambia wageni "sijui" mbele yetu, tukiona haya kwa niaba yake, na wageni wakarudi kwake kila mwaka.

Leo nimemrudishia Shoeb ile kubwa. Alikataa, ina mikwaruzo ya mchanga. Tukagombana dukani mpaka mamake akatoka nyuma akamwambia, "Mpe anachotaka, aende." Nimechukua ndogo na kondakta anayo.

Usidhani nimekubali kosa. Nimechoka tu kulala chumba kimoja na ile kubwa baada ya barua yako. Ndogo isiingie mkono wa mtu mwingine, na Aprili nataka irudi.

Dadako,
Kadzo

*

Itigi, 15 Desemba 2024

Kadzo,

Natumai mafua yamekwisha.

Kifurushi kilifika salama. Ni nzuri. Niliilaza juu ya gunia nikamtazama tai mtini mpaka nikamwona akipepesa jicho. Nilikaa nayo siku ile moja, kisha nikaiuza. Mwongozaji wa kambi ya jirani aliitaka pale pale.

Fedha zote nimempa mke wa Masanja. Ana watoto, na kambi ilimpa mchele na maneno mazuri. Hakunishukuru. Aliniuliza mlangoni, "Wewe ndiye uliyesema dume?" Nikajibu, "Ni mimi." Akazichukua, akafunga mlango.

Sikukuuliza kwa sababu ungekataa. Kazi ya kambi nimeiacha, sasa napakia magunia stesheni. Ukitaka kunishitaki kwa Baba mdogo, nishitaki.

Kakako,
Randu

*

Jilore, 11 Januari 2025

Kaka Randu,

Shikamoo. Mafua yalikwisha zamani.

Ningekataa, ni kweli. Ningekwambia ng'ombe wa Baba hakufugwa kwa ajili ya watu wa Itigi, na ningeshikilia hapo mpaka uchoke. Sijui kama ningekuwa na haki, lakini ningeshikilia.

Hasira ninayo. Tangu Novemba nimeongoza wageni Sabaki kwa macho matupu, nikiomba kuchungulia darubini zao. Wiki iliyopita mmoja alimwambia mwenzake, nami nasikia, kwamba mwongozaji hana hata kifaa. Nikatazama majini kama sikusikia. Hilo ni lako, na sikusamehei. Usiniandikie kuomba radhi, sitaisoma.

Baba mdogo alikuja Jumapili na wazee wawili. Hatukumaliza hata chai akauliza mbele yao, "Ile darubini ya marehemu iko wapi?"

Nikamwambia iko kwako, iko kazini.

Dadako,
Kadzo